Safari ya Kaole: Uzi Unaofumuliwa kwa Kheri



Ndugu msomaji, Kaole husimuliwa zaidi kwa mawe yake. Mwezi wa Julai sisi wa kamati ya msikiti tulifuatana na kina mama wa darasa la Jumamosi pamoja na watoto wa madrasa kwenda kuyazuru mawe hayo. Tuliyatazama, tukajifunza, na tukawaombea dua waliolala chini yake. Hata hivyo, mazungumzo yaliyotushughulisha njia nzima ya kurudi yalihusu sweta kuukuu na glovu mbili za mtoto. Tunayaandika hapa kwa sababu ndani yake mna fiqhi, mna historia ya pwani yetu, na mna kazi ya mikono ambayo familia yoyote inaweza kuifanya.

Mji ulioachwa na bahari

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kiasi cha kilomita 70 kwa barabara inayopita Tegeta, Bunju na Mapinga. Kaole ipo kiasi cha kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo, jirani na Mbegani penye chuo cha uvuvi. Mgeni hupita katikati ya minazi na mashamba madogo, kisha hufika kwenye uwanja wenye kivuli, na humo husimama kuta za kijivu za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa.

Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20. Msikiti wa kale zaidi wataalamu huuhesabu kuwa wa karne ya 13. Mihrabu yake ingali inaonekana, imeelekea kaskazini, kwani kwa watu wa pwani hii Makka ipo upande huo. Watoto wetu walipanga safu ndani ya kuta hizo zisizo na paa, wakashangaa kuona kwamba safu yao ilinyooka sawasawa na ile wanayoipanga nyumbani. Miaka mia nyingi imepita na kibla hakikuhama.

Makaburi kadhaa yana nguzo ndefu za mawe. Katika baadhi yake wajenzi walipachika mabakuli ya kauri kutoka China, na leo mashimo ya mabakuli hayo yanaonekana wazi. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alifanya uchimbaji hapa mwaka 1958, na baadhi ya vitu vilivyopatikana huoneshwa katika jumba dogo la makumbusho lililopo hapo hapo.

Mahali palipo na historia hapakosi visa. Wageni huelezwa habari za kisima kisichokauka na za mbuyu mkubwa ambao mtu akiuzunguka huongezewa umri. Mwalimu wetu wa madrasa aliwakusanya watoto chini ya mbuyu huo huo, akawakumbusha kwamba ajali imo mikononi mwa Allah peke yake, na kwamba haki ya wafu juu yetu ni salamu na dua. Watoto walisoma dua, wakaendelea na safari, na mbuyu ukabaki na kivuli chake, nacho ni neema ya kutosha.

Tulipotoka kwenye makaburi tulitafuta bandari, nasi tukaona mikoko. Pwani ya Kaole ilijaa mchanga na tope kidogo kidogo, mikoko ikaota, na vyombo vikashindwa kufika karibu. Biashara ikahamia Bagamoyo, ambayo ilikua katika karne ya 18. Mji uliokuwa ukipokea kauri za China ukabaki kuwa kijiji cha wavuvi, na hivyo ndivyo ulivyo hadi leo.

Uzi katika historia ya pwani

Mabakuli ya China yamedumu kwa sababu ni kauri. Nguo za watu waliokula katika mabakuli hayo zimeoza zamani. Ndiyo maana tunaposoma habari za miji ya kale ya Waswahili tunasikia sana habari za vyombo na mawe, na tunasikia kidogo habari za uzi, ilhali uzi ulikuwa kazi kubwa ya pwani hii.

Ibn Battuta alipopita Mogadishu na Kilwa mwaka 1331 alieleza kuwa Mogadishu ilikuwa ikifuma nguo zisizo na mfano, zikipelekwa hadi Misri. Na katika uchimbaji wa Kilwa Kisiwani viliokotwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikiwa vimesuguliwa pembeni hadi vikawa duara na kutobolewa tundu katikati. Vigae hivyo vilivalishwa kwenye kijiti ili vitie uzito wakati wa kusokota uzi wa pamba. Zingatia, ndugu msomaji: chungu kilipovunjika jikoni, kigae chake kiligeuka kuwa kifaa cha kazi.

Habari iliyotugusa zaidi ni ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika kwamba Waislamu wa huko walikuwa na pamba nyingi na walifuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuzitia. Wakawa wanachukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wanazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wanauchanganya uzi huo na wao mweupe na kufuma nguo mpya yenye rangi. Nguo ilivuka Bahari ya Hindi ikiwa kamili, ikafumuliwa, ikazaliwa upya mikononi mwa watu wa pwani.

Ufundi huo wa kusokota na kufuma pamba ulififia kwa sehemu kubwa katika karne ya 19, nguo za viwandani zilipoingia kwa wingi. Kitambaa cheupe kutoka Marekani kiliacha hata jina lake, merikani, ambalo bibi zetu walilitumia maisha yao yote. Lakini mazoea ya kutotupa uzi hayakufa, na tuliyaona Kaole kwa macho yetu.

Sweta ya marehemu

Mmoja wa kina mama tuliofuatana nao ana mama yake mkubwa kijijini Kaole, nasi tukaenda kumwamkia. Tulimkuta bibi ameketi barazani juu ya mkeka, na pembeni yake kikapu cha ukindu kilichojaa vidonge vya uzi wa kila rangi. Kwa miaka mingi bibi huyu amekuwa akifuma kofia na soksi za watoto wachanga na kuwauzia kina mama wanaokaribia kujifungua. Kila kazi humwachia uzi kidogo, naye huuzungusha na kuuweka. "Akiba haiozi, wanangu," alituambia, huku akituonesha kidonge kisichozidi ukubwa wa ndimu.

Mumewe alikuwa mvuvi. Alifariki kwa maradhi mwaka jana, na eda ya bibi ya miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha zamani. Katika sanduku la marehemu mlikuwamo sweta moja ya sufu, nzito, ya rangi ya kijivu, iliyokuja nchini kwa njia ya mitumba. Marehemu aliivaa usiku baharini nyakati za kipupwe, kusi inapovuma na maji yakirukia ndani ya mashua. Nondo walikuwa wameila mabega na viwiko. Haikuwa ya kuvaliwa tena wala ya kutiwa viraka.

Bibi ana watoto wawili: kijana, naye ni mvuvi kama baba yake, na binti anayefundisha shule mkoani Njombe. Njombe ipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi yake haina masihara. Binti alikuwa amemweleza mama yake kwa simu kwamba mtoto wake, aliye darasa la kwanza, huenda shule asubuhi amebana mikono kwapani, na akifika hawezi kushika kalamu mpaka vidole vipate moto. Bibi akaazimia kuifumua ile sweta amfumie mjukuu wake glovu.

Kijana hakuafiki. Kwake ile sweta ilikuwa ndiyo baba. Alisema mbele yetu, kwa adabu lakini kwa uzito, kwamba nyumba yao haina picha nzuri ya marehemu, na kwamba akiifungua sanduku husikia harufu ya moshi na chumvi, nayo humtosha. Bibi naye alikuwa amekataa kuigusa. "Sitii mkono mpaka wote waridhie," alisema. "Mzee hakuniachia mimi peke yangu." Kisha akageuka kwa mwalimu wetu na kumwuliza sheria inasemaje.

Ndugu msomaji, swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ni mazoea ya familia nyingi kwamba mtu akifa nguo zake hugawiwa haraka: hii kwa jirani, ile kwa mpwa, nyingine sadaka, kabla hata warithi hawajakaa pamoja. Watu husema ni nguo tu. Mwalimu alieleza kwamba kila alichokiacha maiti, kikubwa au kidogo, ni mali ya mirathi. Baada ya gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi moja, kilichobaki ni cha warithi kwa mafungu yao. Mke mwenye watoto na marehemu ana thumni, yaani moja ya nane, na watoto huchukua kilichobaki baada ya wenye mafungu, wa kiume fungu la wanawake wawili. Warithi waliobaleghe wenye akili timamu wanaweza kusameheana na kuachiana kwa ridhaa. Lakini akiwapo yatima mdogo miongoni mwao, hakuna mwenye ruhusa ya kuigawa sehemu yake kwa ukarimu. Kitu hukadiriwa thamani, na haki yake huhifadhiwa.

Katika nyumba ile hapakuwa na mrithi mdogo. Ilibaki ridhaa. Binti alipigiwa simu, na sauti ikawekwa wazi ili sote tusikie. Alimwamkia mama yake, akamwamkia kaka yake, kisha akanyamaza kidogo. Akasema kwamba baba alipofariki yeye alikuwa Njombe, safari ya basi ya siku nzima, na maiti haisubirishwi. Alipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Hakupata kumwona. "Kaka, wewe ulimshika mkono," alisema. "Nami nataka mwanangu ashikwe mkono na babu yake."

Kijana aliinama. Hakuna aliyemharakisha. Baada ya muda alimwuliza mama yake kama uzi ungetosha kofia ya kuvaa yeye usiku baharini. Bibi akaipima ile sweta kwa shubiri, akahesabu sehemu zilizo nzima, akasema kofia itatoka, na kitakachobaki, kikiongezwa uzi wa kikapuni, kitatosha glovu za mtoto. Kijana akaridhia, na kamati ikawa shahidi.

Namna zilivyofumwa

Wasomaji wa ukurasa huu wa familia watapenda kujua kazi yenyewe, nasi tuliiandika kama bibi alivyoieleza.

Kwanza hutazamwa mshono wa ubavuni wa sweta. Ikiwa vipande vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa, uzi utatoka mrefu. Ikiwa vilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, uzi utatoka vipande vifupi, na ni kazi bure. Sweta ile ilikuwa ya namna ya kwanza. Bibi alikata mshono, akatafuta mwisho wa uzi juu ya kipande, na kijana mwenyewe ndiye aliyeketi kuuvuta. Sauti yake ni ndogo, kama mvua ya rasharasha juu ya makuti.

Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele zilizosukuliwa. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa kwa kamba mahali panne ili usitatizike, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha hutundikwa kivulini ukiwa na kitu kizito chini yake. Ukikauka huwa umenyooka. Sufu ya kondoo haitaki maji ya moto wala kusuguliwa, kwani husinyaa. Uzi mwingi wa madukani kwetu ni wa plastiki. Huo haudhuriki kwa maji, ila haupaswi kukaribia moto.

Kofia ilifumwa kwanza. Kisha bibi aliupeleka uzi uliobaki dukani, ukapimwa kwenye mizani na kugawanywa vidonge viwili vilivyo sawa. Alifanya vivyo hivyo kwa uzi mweupe na wa buluu aliouchagua kikapuni. Jozi ya glovu za mtoto huhitaji kiasi cha gramu 40 za uzi. Anayefuma mkono wa kwanza bila kugawa humaliza uzi mzuri wote, na mkono wa pili hupata masalio ya masalio. "Mikono miwili ni kama wake wawili," bibi alisema, na kina mama wakacheka. "Mizani kwanza."

Kwa uzi wa unene wa kati na mtoto wa miaka 7, alianza na vitanzi 32 kwenye sindano. Sehemu ya kiwiko cha mkono aliifuma kwa mbavu, vitanzi viwili mbele na viwili nyuma, kiasi cha sentimita 5, ili ibane na baridi isipenye. Kisha akafuma wazi kwa sentimita 3. Hapo, katikati ya mstari, vitanzi 6 hufumwa kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine, halafu kazi huendelea kana kwamba hapana kilichotokea. Mwishoni kipande hicho huchomolewa, na tundu la gumba hujitokeza likiwa na vitanzi vyake juu na chini. Kwa kuwa gumba lipo katikati na mshono upo upande wa nje, glovu ya kulia na ya kushoto hazitofautiani. Kiganja kikifika sentimita 12 juu ya zile mbavu, vitanzi hupunguzwa kwa kufuma viwili pamoja hadi vibaki 8. Uzi hupitishwa ndani yake, huvutwa na kufungwa. Vidole vinne hukaa pamoja katika chumba kimoja, navyo hupashana moto.

Mwisho bibi alisuka kigwe kirefu cha kuunganisha glovu mbili, kipitishwe ndani ya mikono ya koti. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kusahau glovu moja njiani, lakini hawezi kulisahau koti alilolivaa.

Mwanamke wa uzi

Tukiwa njiani kurudi, mama mmoja alimkumbusha mwalimu aya ya 92 ya Suratun-Nahl, ambamo Allah (S.W.) anatukataza kuwa kama mwanamke aliyeufumua uzi wake vipande vipande baada ya kuwa umesokotwa ukawa madhubuti. Akauliza, je, bibi hakufanya lile lile?

Mwalimu alijibu kwamba mfano huo umepigwa kwa wanaovunja ahadi na viapo baada ya kuvithibitisha. Baadhi ya wafasiri wametaja mwanamke wa Makka aliyekuwa akisokota mchana kutwa kisha akaiharibu kazi yake yote. Huyo alifumua akabaki na mikono mitupu. Bibi wa Kaole alichelewesha kufumua mpaka haki ya kila mrithi ikasimama mahali pake, kisha akafumua, na uzi ule ule ukawa kofia na glovu. Watu wa Sofala nao walifumua nguo za Cambay ili wapate nguo bora zaidi. Tofauti imo katika nia, katika haki, na katika kinachofuata baada ya kufumua.

Tuliongeza jambo moja kutoka katika kazi yetu ya kamati. Mara nyingi tunaitwa kusuluhisha mirathi ya nyumba na viwanja, na tunakuta kwamba chuki ilianza kwenye kitu kidogo: redio, baiskeli, kanzu ya Idi iliyotolewa bila kuuliza. Aliyezoea kuuliza juu ya sweta hatashindwa kuuliza juu ya kiwanja. Udugu nao ni uzi uliosokotwa kwa miaka mingi, na mara nyingi hufumuka kwa kitu cha thamani ndogo.

Basi kabla hamjatupa sweta ya shule iliyobana, itazameni mshono wake. Kabla hamjagawa nguo za marehemu, waiteni warithi wote, walio karibu na walio mbali, na muulizeni kama yumo yatima. Na wenye bibi anayejua kufuma, wapelekeni mabinti na wavulana wakaketi naye mkekani angali hai, kwani ufundi huu haujaandikwa popote isipokuwa katika vidole vyake.

Wiki mbili baadaye kifurushi kilipakiwa kwenye basi la Njombe. Habari tulizozipata ni kwamba glovu zilimkaa mtoto vizuri, zikiwa zimemzidi kidogo kama bibi alivyokusudia, ili zimfae na mwakani. Naye mjomba wake huenda baharini na kofia ya kijivu.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu mvuvi yule na maiti wetu wote, azibariki nyumba zetu kwa ridhaa na uadilifu, na atuepushe na israfu. Amin. Wallahu a'lam.